Kijiko cha Mkaguzi

Kila familia iliyowahi kumiliki sufuria mbili huamini kwamba ina siri ya upishi. Ukiingia nyumba ya watu siku ya Krismasi, katika mji wowote ule, utakalishwa kitini uelezwe keki ilivyoanza, nani aliirithi kwa nani, na kwa nini haipatikani kwingine duniani. Usibishe. Kula, sifu, shukuru, kisha nenda nyumba ya pili ukaile keki ileile.

Mkaguzi alizichoka hadithi hizo tangu ujana wake, na iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya kwao.

Jina hilo alilipata kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha mashati, naye aliketi meza ya mwisho, chini ya taa nyeupe isiyo na huruma, ambapo kila shati lilipita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Alivuta mshono, akageuza kola, akapitisha kidole gumba kwenye tundu la kifungo. Lililofaa alilisukuma kulia bila neno. Lisilofaa alilitupa kapuni kushoto, na washonaji waliapa kwamba alilishika kama mtu anayemtoa mende kwenye sukari. Alipostaafu walimfanyia sherehe. Walicheza kwa furaha kubwa mno, na yeye aliliona hilo pia.

Nyumbani alikuwa na meza nyingine ya ukaguzi. Kila Krismasi ukoo ulikusanyika kwa kaka yake, muuza vipuri vya magari, na hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla Mkaguzi hajaonja keki. Hata mpishi hakuruhusiwa kulamba mwiko. Kililetwa kijiko kidogo cha marehemu mama yao, kilicholika ukingo mmoja, watu wakanyamaza, Mkaguzi akaonja, akatamka: "Imepita." Au, kama ilivyozoeleka, "Imepita, lakini..." Baada ya hiyo lakini ndipo midomo ya wifi yake ilipokauka, maana keki ilikuwa ya wifi, mke wa kaka. Tangu aolewe hadi kupata wajukuu, hakuwahi kupewa "imepita" isiyo na mkia.

"Hii ni heshima ya ukoo," mtoto mkubwa wa kaka aliwaeleza wageni. Alikuwa mhasibu, na alipenda kusema akiwa amesimama, glasi mkononi. "Bibi yetu alimchagua shangazi kwa sababu ya ulimi wake. Ulimi wa dhahabu."

Mkaguzi alicheka puani. Dhahabu ipi? Mama yao alinunua unga kwenye duka ambalo muuzaji alipima unga kwa mikono ileile aliyopimia mafuta ya taa. Krismasi moja keki ilitoa harufu ya mafuta ya taa, wageni wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwao. Tangu hapo mama akawa anamwita binti yake: "Wewe, njoo uonje, kama kuna mafuta useme." Akaitwa yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango wa jiko. Heshima yote ya ukoo ilianzia hapo. Lakini hakuwahi kumsahihisha mhasibu, kwa kuwa uongo ule ulimpa kiti. Aliketi meza kuu, ubavuni mwa kaka yake, wakati wanawake wengine wa umri wake waliwekwa mbele ya televisheni, sahani mapajani, wakisemeshwa kwa sauti kubwa kama watu waliotoka usingizini.

Kiti hicho kilikuwa hatarini, na aliyejua ni yeye peke yake.

Miaka mitatu nyuma homa mbaya ilikuwa imemlaza. Alipoinuka, chai ilikuwa maji ya moto na mkate ulikuwa pamba. Alijidanganya kwamba ni uchovu, hadi siku alipokunywa glasi nzima ya maziwa, akaona chini ya glasi mabonge ya maziwa yaliyoganda. Hakuhisi chochote, wala ulimini wala puani. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini Mkaguzi aliona heri aumbuliwe na kifo kuliko na wifi.

Akarudi kwenye ufundi wake. Keki aliikagua kama shati: aliibonyeza aone kama inainuka, akatazama vishimo vyake kama vimelingana, akageuza karatasi ya chini kuangalia mafuta. Na kwa kuwa hukumu haikamiliki bila neno, akachagua neno moja salama. "Imepita, lakini tangawizi bado." Wifi akaongeza. Mwaka wa pili, tangawizi bado. Wifi akaongeza tena. Sasa keki iliwasha kama kidonda kilichotiwa spiriti, na mhasibu, akijifuta machozi, aliwaambia wageni kwamba hivyo ndivyo bibi alivyoipika tangu zamani. Mkaguzi alimtazama akashangaa. Mtu anayedanganyika kuhusu kilichomo mdomoni mwake, aliwaza, mahesabu ya watu amekabidhiwa na nani?

Mwaka huu, siku chache kabla ya sikukuu, kaka yake alimfuata.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Safari hii mpe neno zuri."

"Nani?"

"Si wifi yako? Amesema ukimtilia tena ile lakini yako, mwakani hapiki. Na kijiko anakitupa chooni."

"Kijiko ni cha mama."

"Ndiyo maana nimekuja mbio."

Mkaguzi alipiga hesabu ambayo mhasibu asingeiweza. Bila keki hakuna kijiko. Bila kijiko, kiti ni kile cha mbele ya televisheni. "Nitaona," alisema, kwa sauti ya mtu anayegawa msaada.

Siku yenyewe umeme ulikatika asubuhi. Jenereta likawashwa nyuma ya jiko, likanguruma, na harufu ya dizeli ikajaa hadi sebuleni. Kaka hakujali, alikuwa akijisifu kwa kila aliyeingia kwamba ameokoa safari, amebeba gunia la unga na dumu la dizeli kwenye buti moja la gari. Watu wa aina yake hujivunia kuokoa safari kama wengine wanavyojivunia kuokoa maisha.

Mkaguzi alifika na kuku wake wa kuoka. Alimleta kila mwaka, na kila mwaka aliliwa hadi mifupa, bila mtu kumtolea kasoro. Wifi alimpokea mlangoni, aproni kiunoni.

"Karibu, wifi. Umekuja na ulimi wako?"

"Ninao. Na wewe umetupikia keki, au matofali kama ya mwaka juzi?"

"Matofali yale uliyamaliza, lakini."

"Nilikuwa nabomoa ukuta."

Keki ikaletwa, na kijiko juu ya sahani. Mkaguzi akabonyeza, keki ikainuka kama kifua cha mtoto aliyelala. Vishimo vilikuwa vidogo, vimelingana kama mishono ya fundi mzuri. Karatasi ya chini ilikuwa kavu. Kwa mkono na jicho, keki hii ilikuwa ya kusukumwa kulia. Hata uongo hautahitajika, aliwaza, akakaribia kuudhika. Akatia kijiko mdomoni. Pamba ya moto, kama kawaida.

"Imepita," akasema, akafunga mdomo.

Wote wakangoja.

"Lakini?" mhasibu akauliza.

"Lakini nini? Nimesema imepita. Umesoma hesabu zote hizo hujui jumla inapoishia?"

Wifi alijifunika uso kwa pembe ya aproni. Kaka akapiga makofi. Keki ikakatwa, ikagawiwa, na watu wakaanza kula.

Hapo ndipo Mkaguzi alipoona kasoro. Kwa miaka mitatu alikuwa anasoma nyuso, na nyuso hizi zilikuwa mbovu. Walitafuna kwa meno ya mbele, kama wanaotafuta kijiwe kwenye wali. Mhasibu alivuta glasi ya maji, akaimaliza, akasema kwa nguvu, "Mm! Kama ya bibi kabisa!" "Kabisa," wakaitikia wengine, na kila "kabisa" ikafuatiwa na maji. Kaka alimeza kama anayemeza kidonge. Mjukuu mmoja alitema kiganjani. Mama yake akamrudishia mkono mdomoni. "Meza. Shangazi ameipitisha."

Wifi alionja wa mwisho. Akasita. Alitazama keki, akatazama upande wa jenereta, akamtazama mumewe. Kisha akamgeukia Mkaguzi, akamkazia macho.

"Wifi," alisema kwa upole, "ongeza kipande."

Mkaguzi alichukua, akatafuna, akameza. Kabla hakijafika tumboni alijua amenaswa. Kwenye midomo ya wifi kulikuwa na tabasamu dogo sana, la mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba aliyofungiwa nje maisha yake yote. Angeweza kuutumia sasa hivi. Angeweza kuuweka kifuani, autoe kila Krismasi.

Hofu ilimpanda Mkaguzi hadi shingoni. Kisha akaitazama meza: watu wazima, wenye ndimi hai, wakimeza wasichokijua kwa sababu kikongwe mmoja amesema imepita. Hofu ikateremka, na mahali pake pakajaa kitu alichokizoea zaidi.

"Mtoto, tema," alisema.

"Shangazi, ana deko tu huyu..." mama yake akaanza.

"Tema! Na nyinyi temeni. Keki hii ina nini?"

"Tamu sana, shangazi," alisema mhasibu.

"Nimeuliza ina nini. Mimi sijui. Ulimi wangu ulikufa na ile homa, nimewahukumu miaka mitatu kwa macho na vidole. Hiyo tangawizi niliitunga mimi, na wewe ukaitungia historia. Haya, nyinyi mlio wazima, mnakula nini?"

Jenereta likanguruma nyuma.

"Dada," kaka alinong'ona, "watu wana adabu zao."

"Punda akipewa majani mabovu huyaacha. Basi hana adabu, punda."

Wifi ndiye aliyejibu. "Ni dizeli. Asubuhi yote nilidhani nasikia harufu ya jenereta, na tangawizi ikafunika iliyobaki. Kumbe ni unga. Huyu bwana ameulaza na dumu lake."

Kaka alianza kukagua uma wake kwa makini.

Mkaguzi alicheka hadi akashika meza. "Mnajua mama alinipa kijiko kwa sababu gani? Mafuta ya taa! Mwenye duka alikuwa mchafu, mama akataka mtu wa kuyagundua. Hakuna dhahabu. Kazi ilikuwa hiyo moja tu, na leo mafuta yamekuja yenyewe, nikayapigia muhuri." Mhasibu aliketi, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkaguzi akakifuta kijiko kwa leso, akamnyooshea wifi. "Shika. Ulimi unao. Dharau nitakufundisha."

"Dharau ninayo, wifi. Miaka yote hii nimejifunza kwa nani?"

Akakipokea. Lakini hakuketi. Alivuta sahani ya kuku wa Mkaguzi, akachomoa kipande cha paja, akakiweka kwenye kijiko, akaonja bila haraka, macho yakiwa darini.

"Hajapita."

"Nani?"

"Kuku wako. Hana chumvi hata chembe. Mwaka jana hakuwa nayo, na mwaka juzi hakuwa nayo."

Mkaguzi alimgeukia kaka yake. "Kweli?"

Kaka naye akatazama dari.

"Na mlikuwa mnammaliza!"

Wifi aliingia jikoni, akarudi na kikopo cha chumvi. Katika nyumba ile chumvi haikuwahi kupanda mezani, kwani ilihesabiwa kuwa tusi kwa mpishi. Alikiweka katikati, akakaa kwenye kiti chake, kijiko mkononi. Mhasibu akanyoosha mkono, na baada yake wote, wakinyang'anyana kikopo, wakinyunyiza kama wanaozima moto.

"Waoga," alisema Mkaguzi, akasogeza sahani yake ili naye anyunyiziwe.