Mtoto Aliyekataliwa na Mchoro Wangu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu, ingawa sasa nina wajukuu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi Mtwara na elimu yangu ya kompyuta, nikapewa kazi ya kuandika programu ya kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya kijijini, kando ya mto Ruvuma.

Wewe unajua programu za namna hii hujengwa kwa objekti: unachagua vitu vya kazi yako, kila kimoja unakipa taarifa zake na kazi zake. Basi nilijifungia chumbani kwangu, mtaa wa Ufukoni, miezi minne nikichora. Mama, Mtoto, Chanjo, Kijiji. Michoro ilijaa ukuta mzima. Nikaweka sharti kwamba kila mtoto ana mama aliyemzaa, na kila mama ana kijiji kimoja. Ukuta haukunibishia.

Siku ya kwanza ya kuitumia alikuja dada mmoja aitwaye Anjelina, ambaye ukoo wake ulitoka Msumbiji. Mgongoni alimbeba mtoto wa marehemu dada yake. Miezi ya kilimo walikaa ng'ambo ya mto, miezi mingine upande huu. Programu ikakataa kumwandikisha mtoto: mama mzazi hayupo, tena vijiji ni viwili. Mimi, badala ya kuona kosa langu, nikamwambia akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Akaondoka, mtoto hajachanjwa.

Muuguzi mkuu, Bi Somoe, alikuwa mama mtu mzima asiyepandisha sauti. Alinitazama, akauliza, "Binti, hii michoro yako uliichora na nani?"

"Peke yangu, Bi."

"Miezi minne peke yako! Ungekaa na sisi kwenye benchi asubuhi moja tu, ungewaona akina Anjelina wanne. Haya, vaa viatu tukamtafute."

Tukamkuta njiani amepumzika, akakubali kurudi. Mtoto akachanjwa, akaandikwa kwenye daftari.

Nikaichukia michoro yote, nikaichana. Tangu hapo nikawa naandika programu bila kuchora, kila siku lile tu nililoambiwa siku hiyo. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda. Baadaye, kila nilipogusa sehemu ya uzito wa mtoto, tarehe za chanjo zilivurugika, maana kila kitu kilikuwa kimeng'ang'ania kingine. Siku moja programu ikaonyesha mtoto fulani amechanjwa surua, kumbe bado. Bi Somoe ndiye aliyegundua, kwa daftari lake.

"Sasa umekimbilia upande wa pili," akasema, akaendelea na kazi yake.

Mara ya tatu tulikaa mimi na Bi Somoe siku tano. Tukaulizana: jambo gani tukilikosea leo litatutesa mpaka mwisho? Tukaona ni matatu: mtoto ni nani, nani anamleta, amepata chanjo ipi na lini. Hayo tukayachora kwa makini, na mlezi tukamtenganisha na mzazi. Mengine tukayaacha. Kila Ijumaa nilimletea kipande kidogo akitumie, naye akinikosoa. Programu ile ilitumika miaka mingi, na waliokuja baada yangu waliiongezea bila kuibomoa.

Kwa hiyo panga, mwanangu, lakini panga kwa siku, si kwa miezi, na panga ukiwa na mtu atakayeitumia. Chora kwa makini vitu vikuu na jinsi vinavyohusiana, maana hivyo ndivyo vigumu kubadili baadaye. Unachobahatisha kiache, kazi yenyewe itakufundisha. Ukiona wiki ya pili inaisha na huna hata kipande kinachofanya kazi, toka chumbani. Ila ukipewa mitambo ambayo kosa moja linaua, hapo panga mara tatu, wala usimwonee mtu haya.

Mungu akujalie uwaone watu kabla hujawachora, akupe moyo wa kufuta ulichokosea, na kazi ya mikono yako iwafae hata usiowajua. Amina.