Namba Saba na Sahani za Lagangabilili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kibano, brashi ndogo na kiti kifupi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikidhani utafiti ni kuvaa koti jeupe. Kumbe ni kuinamia ngogwe, ambazo wengine mnaziita nyanya chungu, mpaka mgongo usahau kunyooka. Ua unalifungua kabla halijafunguka lenyewe, unang'oa vifuko vyake vya chavua, kisha unapaka chavua ya mmea uliouchagua. Hapo umefungisha ndoa. Mimi nimefungisha ndoa nyingi kuliko mapadri wote wa Simiyu wakijumlishwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nassa, chini ya Afisa Kilimo aliyetufokea kutwa: "Andika! Kichwa chako si daftari!" Huko nilipokea mbegu za mama mjane aitwaye Kabula. Maji yalikuwa yamesomba bustani yake, na zilizobaki zote zilienea kwenye kikopo kimoja. Ngogwe zake zilikuwa ndogo na chungu, ila jua lilipokaza hazikunyauka.

"Ngosha, sikupi ukale," alisema, akiniita mwanamume kwa Kisukuma. "Utanirudishia."

"Nitakurudishia gunia, mayu," nilimjibu, yaani mama.

Nikahamishiwa Bariadi, kwa Mtafiti Mkuu, mama mgeni wa mkoa huu tuliyemwita Dokta. Tuliozesha ngogwe za Kabula na aina moja kubwa, isiyo na uchungu. Watoto wa mseto hawafanani, kwa hiyo kila msimu tulichagua na kupunguza, mpaka yakabaki matuta mawili. Namba Tatu ilizaa matunda makubwa kama kichwa cha ndama. Namba Saba ilizaa madogo, machungu, damu ya Kabula tupu.

Maji ya kisima yalitosha kuzalisha mbegu za tuta moja. Jingine lilipaswa kung'olewa, yasije yakachavushana. Na mbegu ya ngogwe hutoka kwenye tunda lililoiva likawa jekundu. Yetu yalikuwa bado mabichi, na akiba hatukuwa nayo. Kung'oa Namba Saba kulikuwa kumaliza mbegu ya Kabula.

Dokta akaamua walaji wachague. Tulikwenda Lagangabilili, akapika mwenyewe sufuria mbili, tukawagawia wakulima fomu za alama. Zote zikarudi tano juu ya tano, Tatu na Saba sawasawa.

"Basi kwa ladha hazipishani," alisema Dokta. "Tunachukua kubwa. Kesho ng'oa Saba."

Nilikuwa nakusanya sahani. Za Saba zilikombwa hadi zinang'aa. Za Tatu zilikuwa na mboga, nyingine imefichwa chini ya ugali kwa adabu kabisa.

"Dokta, hizi fomu zinadanganya."

"Na wewe si umejaza? Tatu umeipa ngapi?"

"Tano."

"Kwa nini?"

"Umepika mwenyewe, Dokta. Nitamwambiaje mpishi usoni kwamba chakula chake hakina ladha?"

Aliangalia fomu, akaangalia sahani. "Lete mizani."

Tukapima makombo, sahani moja baada ya nyingine. Mama mmoja akapiga makofi: "Jamani, wanapima makombo! Kweli hawa wamekosa kazi!"

Makombo ya Tatu yangeshibisha mbwa wa wilaya nzima. Kwa Saba mshale wa mizani haukutikisika. Dokta akachukua daftari langu, nilikoandika "Ng'oa Saba", akafuta "Saba", akaandika "Tatu".

Matunda yalipoiva nilirudi Nassa na kikopo kilekile, kimejaa.

"Gunia liko wapi?" Kabula aliuliza.

"Limo humo, mayu. Lipande tu."

Alicheka, lakini kikopo hakukiweka chini mpaka naondoka.

Sasa nimestaafu, nalima Saba nyuma ya nyumba. Vijana wa kazi hii hunijia na simu za kukusanyia maoni, nami nawaambia wakusanye, ni vizuri. Mke wangu akipika nasema ni tamu, siku zote. Yeye husubiri niinuke, kisha huja kuangalia sahani.