Madoa ya Shati la Mchoraji

Mchoraji alipofariki aliacha picha moja tu ya sura yake. Alijichora mwenyewe kwa kutazama kioo, ugonjwa ukiwa umeshamwelemea. Amekaa kwenye stuli ya dukani kwake, brashi mkononi, na lile shati lake la kazi lenye madoa ya bluu na nyekundu. Mkewe alitaka itundikwe sebuleni, awe anaiona kila akiamka.

Kaka mkubwa wa marehemu alipoiona, uso ukamkunjamana.

"Shemeji, shati gani hili? Watu watasema ndugu yangu alikufa hana nguo."

"Ndivyo alivyojichora, shemeji."

"Alikuwa anaumwa huyo! Mimi alinichora na koti jeusi na tai. Mpaka leo wageni wangu wananiita mkurugenzi."

Binti wa marehemu akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba mkubwa, koti lile la dukani kwa baba! Kinyozi kachorwa nalo, fundi viatu kachorwa nalo. Ukipita nyumba hadi nyumba utadhani mtaa mzima una fundi cherehani mmoja."

"We mtoto, hebu niache." Akamgeukia mjane. "Jumapili ndugu wanakuja. Uchafu ule usionekane."

Maneno yale yakamkaa mjane rohoni, maana shati lile lilikuwa vita yake tangu aolewe. Alilisugua kwa sabuni na mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka, na jioni mume anarudi na madoa mapya tele. "Taratibu, mke wangu," alikuwa akimtania, "usije ukanifuta na mimi."

Kesho yake, binti alipokwenda sokoni, mjane alimwomba Mungu amwongoze, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza na doa la kwenye mkono wa shati. Rangi ilikuwa haijakauka ndani. Doa likatoka. Shati nalo likatoka, na mkono ulioshika brashi ukafuata. Pakabaki ukungu wa kijivu.

Binti alimkuta ameketi sakafuni.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nilitaka awe msafi mbele za watu."

Binti akachuchumaa karibu yake, akanyoosha kidole kwenye kona ya picha. "Na hili hukuliona?"

Mjane akatazama. Nyuma ya bega la mumewe palichorwa msumari, na koti jeusi limening'inia. Siku zote alidhani ni giza la ukutani.

"Wengine wote aliwavisha," binti akasema. "Lilikuwa karibu naye kabisa, Mama. Angelitaka angelivaa."

Jumapili shemeji aliingia, akasimama mbele ya picha muda mrefu. Safari hii sauti ilikuwa ya chini.

"Mkono wake uko wapi?"

"Nimeufua, shemeji."

Wageni walipoondoka mjane aliosha vyombo na kufua mashuka, yote. Kitambaa kile chenye bluu, nyekundu na rangi ya ngozi ya mumewe hakukitia majini. Alikikunja, akakiweka chini ya mto.