Kupeleka Mvua ya Kola Chuo Kikuu

Jumatano, 14 Oktoba 1998. Kola. Mawingu yameshuka mpaka kilimani tangu alfajiri lakini hayakutoa kitu, ni upepo mkavu tu.

Nimesafiri leo kwa sababu ya tangazo la redio. Walisema chuo kikuu kimoja Nairobi kitakuwa na mhadhara wa wazi juu ya mvua za sehemu kavu, na watu wote wamekaribishwa. Marehemu mume wangu alipima mvua hapa bomani kila asubuhi saa tatu, miaka ishirini na tano, akiandika kwa daftari. Mimi niliishia darasa la tano. Nilitaka kujua kama kazi yake ina maana kwa wasomi, kabla mchwa hawajaimaliza.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na madaftari tisa ndani ya kiondo. Machakos mjini nikabadilisha basi. Athi River vumbi la saruji lilikuwa limepaka kila kitu rangi nyeupe, hata miti.

Saa nne, langoni pa chuo, askari akanisimamisha. Kumbe ni Mkamba, akaniita mama kwa lugha yetu.

"Mwaitu, umeleta mayai?"

"Nimeleta mvua."

"Basi ingia haraka, kwetu Mwala tumekauka!"

Ukumbini walisema Kiingereza. Msichana mmoja mwanafunzi, Wanza, aliketi kando yangu akininong'onezea kwa Kikamba, kwa hivyo niliambulia nusu, sidai zaidi. Mwalimu, mama mwembamba wa miwani, alionyesha ramani ukutani. Upande wetu ulikuwa na mapengo. Hawana vipimo vya kutosha, alisema.

Wakati wa maswali nikainua mkono, nikajuta ukiwa tayari juu.

"Mimi niko na vipimo vya Kola. Vya mzee wangu."

Bwana mmoja wa tai akauliza kwa Kiswahili, "Tutajuaje si vya kubahatisha?" Wengine wakacheka. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki kuuliza. Tena mimi ndiye niliyejua jibu.

"Miezi miwili ni ya kubahatisha," nikasema. "Aprili na Mei ya tisini na sita. Mzee alikuwa amelazwa Machakos, nami nalala huko kwa mkeka. Nyumbani hapakuwa na wa kupima. Lakini kila asubuhi ananiuliza, 'Imepiga ngapi?' Nikisema sijui, anataka kushuka kitandani aende kupima mwenyewe. Basi nikawa namwambia milimita nane. Kumi na mbili. Siku moja alikuwa vibaya sana, nikampa arobaini. Akafurahi, akaniambia niandike. Nikaandika."

Nilidhani sasa wataniambia nirudishe kiondo changu nyumbani. Mwalimu akashuka mpaka nilipokuwa, akaniongelesha Kiswahili.

"Mama, unazijua hizo siku?"

"Zote."

"Basi zikate kwa mstari. Siku isiyopimwa tunaiacha wazi. Hizi zingine tunazichukua, na tunashukuru sana."

Yule bwana wa tai ndiye aliyenipa penseli. Nilianza vizuri. Nilipofika kwa ile arobaini nikakaa nayo.

"Nikusaidie, mwaitu?" Wanza akauliza.

"Hapana, mwana wakwa."

Nikaikata kwa mstari mwenyewe.

Walitoa nakala kwa mashine, wakanirudishia madaftari. Nje, wanafunzi walikuwa wamekaa kwa nyasi wakibishana juu ya mawingu kama watu wanaobishana juu ya mpira. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mzee angeketi katikati yao hata bila kualikwa. Mimi labda ningesikiliza tu, lakini ningependa kusikiliza kila siku.

Nilichojifunza, kama nimeelewa sawa, ni kwamba kwa wale watu kutojua si aibu, kuna nafasi yake kwa karatasi. Sijui kama Mzee angekubali. Yeye hakupenda nafasi tupu.

Saa kumi na mbili jioni nilifika nyumbani. Mwende, mke wa mwanangu, alikuwa jikoni.

"Walichukua?"

"Wamechukua. Isipokuwa zile siku za hospitali."

"Kwa hivyo kwao ile miezi haikunyesha?"

"Ilinyesha. Hatujui ngapi."

Akapakua. Tulikula mahindi ya muthokoi na kunde.