Jina Nililolitaja Mbele ya Watu

Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la mama mukwe wangu. Kwetu ukishafanya hivyo, jina hilo huna ruhusa ya kulitia kinywani tena, kwa sababu mama mukwe hatajwi. Basi tangu alipozaliwa Lubumbashi mpaka tulipokuja kukaa Anderlecht, hapa Brussels, mimi nilimwita hivyo hivyo: "Mama mukwe, koga. Mama mukwe, acha kulia." Naye alipozaa, watu wengine wote wakamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa, mama wa fulani. Jina lake lenyewe likabaki kwenye karatasi za komini, ofisi ya mtaa, na kwenye kibati alichovaa kifuani hospitalini, upande wa Woluwe, alikokuwa muuguzi.

Alikuwa mtu wa kusemea wengine. Lifti ya jengo letu ikifa, yeye ndiye aliyeandika barua. Chama kimoja kikamwona, kikamwomba aingie kwenye liste yao ya uchaguzi wa bunge la jimbo la Brussels. Wakamweka karibu na mwisho, pale wanapowekwa watu wa kupamba.

"Maman," akaniambia, "wao wanataka sura yangu kwa picha. Mimi nataka kiti."

Huku kupiga kura ni lazima, na wengi wetu tulikuwa tumeshapata uraia. Watu wa kanisani, wa Ixelles, wa jengo letu, wote walituahidi. Matokeo yalipotoka, kura zake hazikufika hata idadi ya wajomba zake. Alikaa jikoni na koti lake mwilini. Hakulilia kiti. Alilia kwamba watu wake wamemdanganya, na akasema hatarudia tena.

Hilo lilinichoma. Siku chache kisha kulikuwa na matanga Ixelles, katika sale, ukumbi wa kukodi. Nikakaa kati ya wamama, nikamgeukia mmoja tunayesali naye.

"Binti yangu ulimuchagua kweli?"

"Maman! Nilienda asubui mapema. Nilitafuta jina yake kwa ile masini ya kura, nikatafuta, hapana kuiona. Watu banasukuma kwa nyuma. Alors, nikagusa pale juu, kwa liste yote, kura ikaenda kwa chama."

"Ulitafuta jina gani?"

"Si ile tunamuitaka!"

Alikuwa ametafuta mama wa fulani kwenye masini ya serikali. Na wa pembeni yake pia, na wa nyuma. Mmoja akasema, "Mi niliona jina ya kwetu kule chini, nikawaza ni shangazi yake, nikamuacha." Tulicheka mpaka wenye msiba wakatutazama. Lakini mimi niliacha kucheka kabla ya wengine. Kama mama mzazi halitaji jina la mtoto wake, nani atalijua?

Nikarudi nikamwambia, "Mama mukwe, hawakukudanganya. Utarudia."

Miaka mitano ikapita, akarudia, wakamweka kule kule chini. Safari hii niliingia kazini mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kichwa changu kinashika majina: nani mtoto wa nani, nani alizikwa wapi, nani alimlilia. Ninayo yote mpaka leo, na hapa sitayaandika, wenyewe watajijua. Nikachukua simu, nikaita mmoja mmoja, wakajaa sale ya kanisa baada ya ibada.

Asubuhi ile, nikiosha vikombe, nilimwomba ruhusa marehemu mama mukwe mwenyewe. "Maman, unisamehe. Ni kwa ajili ya mjukuu wako, tena ni jina lako litakaa bungeni." Halafu nikavaa.

Nilisimama mbele ya watu. Binti yangu alisimama pembeni, hakujua nitasema nini. Nikalitaja. Lote, pamoja na la baba yake. Yeye mwenyewe alishika mdomo; hakuwa amelisikia kwangu hata siku moja.

Papa mmoja mzee, jirani yetu wa Lubumbashi, akasimama na fimbo yake. "E, maman! Mama mukwe unamutaja mbele ya batu?"

"Namutaja, papa. Na wewe utamutaja. Tena kwa nguvu."

"Nitaje mama ya batu jina tupu, kama mutoto?"

"Utaanza na kura. Musamaha utamuomba kisha."

Sale ikalipuka. Wakalitaja, kwanza kwa aibu, wakitazama viatu, halafu kwa sauti, mpaka papa yule naye akapiga fimbo chini akilisema. Nilikuwa nimelichora kwenye katoni, jinsi litakavyokuwa kwenye masini. "Pale juu musiguse," nikawaambia. "Mushuke. Wa pili toka chini, ndo yeye." Kila Jumapili tulirudia, kama watoto wa katekisimu.

Akapita. Aliwaruka wengi waliowekwa juu yake, na wakubwa wa chama wakampigia simu kumuuliza kura hizi zote zimetoka wapi.

"Kwa maman," akawajibu.

Siku ya kiapo tulipanda juu, kwenye viti vya wageni, wamama wote na vitambaa vyao vizuri. Mwenyekiti wa bunge akasoma jina lake. Na sisi, bila kupatana, tukalirudia lote kwa sauti moja, kama tulivyozoea Jumapili. Wabunge wakageuza shingo. Kijana wa ulinzi akaja mbio, kidole mdomoni.

"Bon, mwanangu, vumilia," papa mzee akamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba kijana anakijua. "Tumelisoma myezi mbili."

Kule chini binti yangu aliinua mkono wake wa kuume. Alikuwa anacheka. Akaapa hivyo hivyo, kicheko kikiwa bado kwenye sauti, na kiapo kikaandikwa.