Jaruba Lililokaushwa Kitaalamu

Mtaalamu alikuja Kihurio kutuokoa. Alitueleza kwamba majaruba yetu ya mpunga yanaipasha dunia joto: maji yakituama muda mrefu, matope hutoa gesi. Wakati anaeleza, gari lake lilikuwa linaunguruma nje, maana kiyoyozi kikizimwa viti vinaunguza. Sisi wachafuzi wakubwa tulitulia kwenye mabenchi, tukatubu.

Dawa ilikuwa rahisi. Uache jaruba likauke siku chache, ulijaze, kisha ulikaushe tena. Mama yangu, mjane anayeishi mwaka mzima kwa mpunga wa jaruba moja, akajitolea lake liwe shamba darasa. Nilimvuta kitenge. Akautoa mkono wangu. Alikuwa ameshapewa fulana.

Jaruba likakauka vizuri sana. Mtaalamu akapiga picha za nyufa, akachukua vipimo vya gesi hapo na kwenye majaruba ya jirani, akaondoka. Kwa bahati mbaya hakuna aliyemweleza, wala yeye hakuuliza, kwamba mfereji wetu unakwenda kwa zamu. Zamu ikikukuta hujafungua maji, anafungua wa chini yako. Hajakuibia, ni wewe umesema umetosheka. Utasubiri mpaka wote wamalize.

Zamu ya mama ilipita jaruba likiwa kwenye kukaushwa. Siku ya kulijaza ilipofika, mpunga ulikuwa unatoa maua, na mfereji ulikuwa wa wengine. Akaenda kumbembeleza mwenyekiti wa mfereji, fulana mpya mwilini.

"Mama, si mlisema hamtaki maji?" mwenyekiti akamuuliza.

Nilimpigia simu mtaalamu. Alikuwa semina, Arusha. Nilimtazama mama akipita kwenye tuta, anashikashika mashuke yaliyoanza kupauka, nikataka kulia kwa hasira.

Tulivuna mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Mtaalamu alirudi na majibu ya vipimo, akamkuta mama anapepeta uani.

"Shikamoo, mama. Hongera sana! Jaruba lako ndilo limetoa gesi kidogo kuliko yote."

"Marahaba. Na mpunga je?"

"Mpunga hatukuupima, mama."

Mama akaurusha ungo, karibu vyote vilivyokuwemo vikaondoka na upepo.

"Basi mwanangu, mwakani nisipande kabisa. Si utafurahi zaidi?"

Mtaalamu akacheka mpaka akajifuta macho, akidhani anataniwa. Msimu uliofuata mama hakupanda. Mbegu yake huitoa kwenye mavuno yake mwenyewe, na mapepe hayaoti.