Taa Nyekundu ya Alarme

Kila nikisikia harufu ya waya inayoungua, mukono wangu unajifunga wenyewe.

Fundi alitoka Ndosho kuja kutoa alarme ya zamani, yenye taa nyekundu, kwenye gari ya papa, gari kuukuu iliyokuwa inalia hata kuku akipita. Kwetu fundi haachwi peke yake na gari, anaweza kukutolea pièce nzima na kukuwekea mbovu. Basi papa akaniketisha kwenye siège ya nyuma.

"Angalia mikono yake."

Niliangalia. Alilala chini ya volani ya kuongozea gari, akavuta waya moja baada ya ingine, akachoma ncha zake. Alipomaliza, papa akamwaga vyombo vyake vyote kwenye mawe meusi ya kiwanja, akapekua hata koti.

"Na ile taa nyekundu ya alarme iko wapi?"

"Niliiweka hapo kwenye siège, muzee. Uliza mutoto."

"Mutoto wangu si mwizi!"

Papa akamufukuza. Fundi akaokota vyombo vyake kimoja kimoja, macho yake kwenye mufuko wa robe niliyovaa. Ndani ya mufuko nilifunga mukono, mpaka ncha za waya za taa zikanichoma.